Kushikwa kwa Upendo ni Sehemu ya Afya



Tunapopita nyumba kwa nyumba kuhamasisha juu ya afya, mara nyingi tunaongea juu ya maji safi, choo, chandarua, chanjo na chakula. Leo tunaomba kuzungumzia kitu ambacho hakigawiwi kwenye foleni wala hakiandikwi kwenye kadi ya posho, lakini mwili wa binadamu unakihitaji tangu siku ya kuzaliwa hadi siku ya mwisho. Kitu hicho ni kushikwa kwa upendo: kubebwa, kupakatwa, kukumbatiwa, kushikwa mkono, kusukwa nywele, kukandwa mgongo.

Labda utasema haya ni mambo ya kawaida, kila mtu anayajua, kwa nini yaandikwe? Tunayaandika kwa sababu hapa kambini yanapungua bila sisi wenyewe kugundua. Mama aliyefiwa anamnyonyesha mtoto huku akitazama upande mwingine. Baba aliyepoteza shamba na ng'ombe anakaa kimya siku nzima, hakuna mtoto anayethubutu kumkaribia. Bibi aliyezoea kuzungukwa na wajukuu amebaki peke yake katika nyumba ya turubai. Mgonjwa anawekewa sahani mlangoni. Watu hawa wote wanahitaji chakula na dawa. Lakini ukielewa kushikwa kunafanya kazi gani mwilini, utaona kwamba wanahitaji na jambo hili pia, na kwamba wewe unaweza kuwapa hata ukiwa huna kitu mfukoni.

NGOZI INAFANYA KAZI GANI?

Ngozi si gunia la kufunika nyama na mifupa tu. Ni kiungo kikubwa kuliko vyote vya mwili, na imejaa mishipa midogo ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo. Mtoto akiwa bado tumboni, hisia ya kuguswa ndiyo inayoanza kabla ya kusikia na kuona.

Wataalamu wamegundua kwamba mishipa hiyo si ya aina moja. Iko mishipa inayopeleka habari kwa haraka sana: kitu hiki ni kigumu, kile kinachoma, mdudu yuko shingoni. Iko na mishipa mingine, iliyochunguzwa sana na wataalamu wa Uswidi tangu miaka ya 1990, ambayo inapeleka habari polepole. Hii ya pili haijali sana umeguswa wapi. Inaamka zaidi pale ngozi inapopapaswa taratibu, kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na kwa kitu chenye joto la mkono wa mtu. Sasa tazama mama anayembembeleza mtoto wake: hakuna aliyemfundisha, lakini mkono wake unakwenda kwa mwendo huo huo.

Habari hiyo ikifika kwenye ubongo, mwili unatoa homoni iitwayo oksitosini. Ndiyo hiyo hiyo inayosaidia maziwa ya mama kutoka na tumbo la uzazi kurudi mahali pake baada ya kujifungua. Kwa mtu anayeshikwa na mtu anayemwamini, moyo unatulia, pumzi inashuka, na homoni za wasiwasi zinapungua.

Mwaka 2021, Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa wanasayansi wawili waliogundua jinsi mwili unavyotambua joto na mguso. Mmoja wao, Ardem Patapoutian, aligundua vipokezi vidogo sana vinavyofunguka pale mwili unapobonyezwa, na ndivyo vinavyotuwezesha kuhisi mkono wa mtu mwingine. Mtu huyo alizaliwa Beirut, nchini Lebanoni, mwaka 1967, na akiwa kijana aliondoka nchini kwake wakati wa vita akaenda kuanza maisha upya Marekani. Tunamtaja ili vijana wenzetu wajue kwamba hata aliyekimbia vita anaweza kuufundisha ulimwengu jambo.

MTOTO ALIYEZALIWA MDOGO

Hapa ndipo tunapoona wazi zaidi kwamba kushikwa kunaokoa maisha.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, hospitali moja ya akina mama ilikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati, na mashine za kuwapa joto, zile zinazoitwa inkubeta, hazikutosha. Watoto wawili au watatu walilazwa katika mashine moja, wakaambukizana magonjwa, wengi wakafa. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafunga watoto hao kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia anayemlea mtoto wake ndani ya mfuko wa tumboni.

Wakati huo watu wengi walidhani ni njia ya maskini, ya kutumia pale mashine zinapokosekana. Leo imejulikana kwamba hata hospitali yenye mashine inafanya vizuri kuitumia. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nijeria na Tanzania, na kutangazwa mwaka 2021, uliwafuata watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100. Wale waliosubiri kwanza hali yao itulie kwenye mashine walikufa karibu 16 katika kila 100. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wengine kifua cha mama. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye uzito mdogo aanzishiwe njia hii mapema, tangu anapozaliwa.

Namna ya kufanya ni hii:

1. Mtoto avue nguo, abaki na nepi, kofia na soksi. Mama naye aache kifua wazi.

2. Mtoto asimamishwe katikati ya maziwa, kifua chake juu ya kifua cha mama, miguu ikunjwe kama ya chura.

3. Kichwa kigeuzwe upande mmoja na kiinuliwe kidogo, ili pua na mdomo viwe wazi. Uso usifunikwe kamwe.

4. Afungwe kwa kitenge kilichokaza, kisha mama avae shati au koti juu yake.

5. Akae hivyo saa nyingi kadiri iwezekanavyo, usiku na mchana. Inatakiwa isipungue saa 8 kwa siku. Mama anapolala, aegemee mito au nguo zilizokunjwa, asilale chali kabisa.

6. Mama akichoka au akitaka kuoga, baba, bibi au shangazi achukue nafasi yake. Kifua cha baba kina joto lile lile.

Akina baba, tunajua baadhi yenu mtaona haya. Katika mila zetu nyingi mtoto mchanga ni wa wanawake. Lakini mwanao wa kilo moja na nusu hajui mila. Anajua joto, na mapigo ya moyo, na sauti anayoisikia karibu yake. Ukimfunga kifuani saa mbili ili mama yake alale, umemsaidia mama na umemsaidia mtoto.

Ukiona mtoto mchanga anakataa kunyonya, ana joto kali au amekuwa baridi, anapumua kwa shida, anashikwa na degedege, au amekuwa wa manjano, usisubiri asubuhi. Mlete kituo cha afya, na njiani mweke kifuani ngozi kwa ngozi ili asipoteze joto.

MTOTO MWENYE UTAPIAMLO

Mama anayelazwa na mtoto katika kituo cha lishe anajua utaratibu: maziwa ya tiba kwa saa zake, dawa, kupimwa uzito, kupimwa mkono. Wengi hawajui kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu utapiamlo mkali una hatua 10, na mojawapo ni kumchangamsha mtoto na kumpa upendo. Haikuwekwa kama pambo. Imo kwenye mwongozo pamoja na maziwa na dawa.

Sababu ni hii. Mtoto aliyedhoofika sana anazima mambo mengi ili abaki hai. Hachezi, hacheki, wakati mwingine hata kulia analia bila machozi. Akishikwa ananung'unika, akiachwa ananyamaza. Mama anaona kama mtoto amemchoka, naye anaanza kumwacha amelala. Mtoto anayeachwa hivyo anazidi kunyamaza, hata anapopewa chakula hana hamu. Ndiyo maana manesi wanakuambia: mpakate unapomlisha, mtazame usoni, mwite jina lake, mwimbie. Usimweke chini na kikombe. Kwa mtoto anayepoa mwili, kumweka kifuani na kumfunika naye ni tiba ya baridi. Akianza kupata nguvu, cheza naye kila siku kwa dakika 15 hadi 30. Vizibo vya chupa kwenye uzi, kopo lenye mawe madogo lililofungwa vizuri, mwanasesere wa kitambaa, vyote vinafaa.

Nchini Jamaika, watafiti waliwafuata watoto waliodumaa katika mitaa maskini ya Kingston, na matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1991. Mhudumu wa jamii, mtu wa kawaida kama sisi, alitembelea nyumba mara moja kwa wiki kwa saa moja na kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mtoto. Ilidumu miaka miwili tu. Watoto hao walipofika miaka 22, walikuwa wanapata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wa hali kama yao ambao hawakutembelewa.

Tuelewane vizuri: kumkumbatia mtoto hakumshibishi. Mtoto mwenye njaa anahitaji chakula, na sisi hatusemi upendo uchukue nafasi ya posho. Tunachosema ni kwamba chakula kidogo ulicho nacho kinamfaa zaidi mtoto anayelishwa akiwa amepakatwa.

JE, MTOTO AKIBEBWA SANA ANAHARIBIKA?

Swali hili tunaulizwa sana, hasa na wazee. "Ukimbeba kila akilia, atakuwa wa kudeka, hutafanya kazi."

Kati ya mwaka 1954 na 1955 mtaalamu mmoja, Mary Ainsworth, alikaa Uganda akitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia jinsi mama na watoto wachanga wanavyoishi. Aliona kwamba mtoto aliye na uhakika na mama yake ndiye anayetambaa mbali, akashika kitu kipya, akageuka kumtazama mama, kisha akaendelea. Mtoto asiye na uhakika ndiye anayeng'ang'ania nguo ya mama na kulia. Nako Kanada, mwaka 1986, madaktari waliwaomba wazazi wawabebe watoto wachanga kwa muda mrefu zaidi, angalau saa 3 kwa siku, hata kama hawalii. Watoto hao walipofika wiki 6 walilia kidogo kuliko wenzao, kwa karibu nusu.

Kwa hiyo mama unayemfunga mtoto mgongoni ukienda kuteka maji, hujamharibu. Bibi zetu walijua walichofanya walipotuogesha, wakatupaka mafuta, wakatunyoosha mikono na miguu jioni. Usiache desturi hiyo kwa kuwa umefika kambini. Kama mafuta hayapo, mikono mitupu na safi inatosha.

Na mtoto mkubwa je? Mvulana wa miaka 10 hataki kupakatwa mbele ya wenzake. Lakini mkono begani akitoka shule, au kukaa ameegemea ubavu wako wakati wa kusimuliana hadithi, anauhitaji bado. Watoto waliofika bila wazazi na kukaa katika familia za kuwalea wanauhitaji zaidi. Ukipokea mtoto wa namna hiyo, usimbague kwa mkono. Ukiwapaka wako mafuta, mpake na yeye. Mtoto anaona sahani iliyojaa sawa na ya wenzake, lakini anaona pia nani anashikwa kichwa na nani hashikwi.

WATU WAZIMA NA WAZEE NAO

Wapo wanaodhani haja hii inaisha mtu akikua. Haiishi.

Mwaka 2006 huko Marekani, wanawake 16 walioolewa waliingizwa katika mashine inayopiga picha za ubongo, wakaambiwa kwamba watapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Walipokuwa peke yao, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu ziliwaka. Waliposhikwa mkono na mtu wasiyemjua, hofu ilipungua kidogo. Waliposhikwa mkono na waume zao ilipungua zaidi, na kwa wale wenye ndoa ya kuelewana ilipungua kuliko wote. Shoti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mkono.

Sisi tuliokimbia tunajua jambo hili bila mashine. Tazama tunavyosalimiana. Wakongomani wengi wanagusanisha vichwa, huku na huku. Warundi na Wanyarwanda wanashikana mikono ya juu na kukumbatiana. Tazama kilio kinapotokea: akina mama wanakaa chini kwenye mkeka, bega kwa bega, na mfiwa anaegemea kifua cha mwenzake. Hakuna anayemwambia maneno mengi. Wazee wetu waliweka desturi hizi kwa sababu mtu mwenye uchungu hapaswi kukaa bila kushikwa.

Lakini wako wanaosahaulika. Mzee mmoja wa kijiji chetu, anayeishi peke yake na kuchukuliwa posho na mtoto wa jirani, alituambia kwamba tangu aingie kambini mtu pekee aliyemgusa ni nesi alipompima presha, na kwamba siku ya kupimwa anaisubiri. Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anajibu swali letu kama anazifuata tarehe za kliniki. Fikiria ni wangapi wa namna hiyo katika eneo lako. Mzee wako hahitaji hotuba. Anahitaji umsalimie kwa mikono miwili, umkate kucha, umpake mafuta kwenye miguu iliyopasuka, mtoto wako akakae karibu naye. Aliyekuwa mtu wa kukumbatiwa na familia nzima anadhoofika akikaa miezi bila mkono wa mtu.

Wenye ndoa pia tunawaomba mkumbuke: kushikana si kwa ajili ya kitanda tu. Maisha ya hapa yanaleta ugomvi mwingi ndani ya nyumba. Mume anayemshika mke wake mkono wakati wa shida, bila kudai kitu, anajenga nyumba. Na mkono unaopiga hauna jina la upendo, hata ukiomba radhi kesho yake.

WAGONJWA AMBAO WATU WANAOGOPA KUWAGUSA

Hofu inatokana na kutojua. Tufahamu yafuatayo:

UKIMWI: Virusi haviambukizi kwa kusalimiana, kukumbatiana, kubeba mtoto, kula sahani moja au kulala nyumba moja.

Kifua kikuu: Kinaenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, hakienei kwa kushikana mikono. Fungua madirisha, mgonjwa afunike mdomo akikohoa, na amalize dawa zake zote.

Kifafa: Hakiambukizi kabisa, si kwa mate, si kwa povu, si kwa kumshika. Mtu akianguka, mlinde asijigonge, weka kitu laini chini ya kichwa, na akitulia mgeuze alale ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Akizinduka, mshike mkono umwambie yuko salama, maana wakati huo anaona aibu na hofu.

Ukoma: Mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi tena. Kidonda cha zamani au vidole vilivyokatika si sababu ya kumkimbia.

Magonjwa ya akili na huzuni: Hayaambukizi. Mtu huyo asifungwe kamba wala kuachwa. Mlete kituoni.

WAKATI AMBAPO KUGUSANA KUNA HATARI

Hatutaki mtu asome makala hii kisha adharau tahadhari. Yako magonjwa yanayopita kwa ngozi au majimaji ya mwili.

Upele unaowasha usiku unaenea kwa kulala pamoja na kushikana muda mrefu. Usimtenge mtoto mwenye upele. Njoo kituoni mpate dawa, na watu wote wa nyumba wapake wakati mmoja, nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani. Mpox, ulioenea Kongo na Burundi mwaka 2024 na kufika nchi nyingine za jirani, unaambukiza kwa kugusana ngozi na mtu mwenye vipele vyake. Ukiona vipele vya namna hiyo pamoja na homa, usimshike mtu bila kinga, toa taarifa mara moja. Na siku zote tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto na baada ya kutoka chooni.

Waliotoka Kivu Kaskazini na Ituri wanakumbuka Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule tuliacha kusalimiana kwa mikono, na marehemu wetu hatukuwaosha. Ilikuwa lazima, na iliuma sana. Lakini kumbuka pia yaliyofanyika Beni na Butembo. Watoto wachanga ambao mama zao walilazwa walitunzwa katika nyumba maalumu karibu na vituo vya matibabu, kwa msaada wa UNICEF. Waliowatunza ni watu waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga. Wao waliweza kuwabeba, kuwalisha na kuwalaza mikononi. Hata katikati ya ugonjwa uliokataza kugusana, wakuu wa afya walielewa kwamba mtoto hawezi kukaa wiki tatu bila kubebwa, wakatafuta watu wa kumbeba.

MGUSO WA UPENDO HAULAZIMISHWI

Hili ni la muhimu, tafadhali usiliruke.

Kushikwa kunaleta faida pale tu anayeshikwa anapokubali na kujisikia salama. Mtu aliyebakwa au kuteswa vitani anaweza kushtuka hata akiguswa begani na ndugu yake. Usimshike kwa nyuma wala ghafla. Muulize, "Nikushike mkono?" Akikataa, kaa karibu naye tu. Huko nako ni kumsaidia.

Mtoto akikataa kukumbatiwa na mgeni au hata na mjomba, usimlazimishe kwa kusema ni heshima. Asalimie kwa mdomo inatosha. Wafundishe watoto kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani si za kuchezewa na mtu, na kwamba mtu anayemshika na kumwambia "usimwambie mama" anafanya vibaya, awe jirani, mwalimu, mchungaji, shehe, ndugu au mfanyakazi wa shirika. Mtoto akikueleza jambo kama hilo, msikilize, usimpige, mlete kituo cha afya haraka ndani ya saa 72, kwa sababu ziko dawa zinazofaa kuanza ndani ya muda huo. Huduma ni bure na ni ya siri.

Kila mmoja pia ana mila na dini yake juu ya nani amshike nani. Makala hii haivunji hayo. Ndani ya familia yako na kati ya wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, nafasi ya kufanya wema huu ipo tele.

TUFANYE NINI KUANZIA LEO?

1. Unaponyonyesha au kulisha, mpakate mtoto na umtazame usoni, hata kama una huzuni. Kama huzuni imekuzidi, tuambie. Tutakuja kukaa na wewe.

2. Baba, mbebe mtoto wako angalau mara moja kwa siku.

3. Mwenye mtoto mdogo kwa uzito, omba nesi akufundishe njia ya kangaruu kabla ya kutoka wodini.

4. Mtafute mzee mmoja anayeishi peke yake karibu nawe. Mpelekee watoto wamsalimie, msaidie kuoga au kukata kucha.

5. Ukimtembelea mgonjwa, usisimame mlangoni. Keti, mshike mkono, kisha mnawe mikono ninyi wote wawili.

6. Uliza kwanza, na heshimu jibu.

Wazazi wetu, mtuwie radhi sisi vijana wenu kuwaambia mambo ambayo ninyi ndio mliyotufundisha kwa mikono yenu. Vita vilituondolea nyumba na mashamba, lakini mikono tumekuja nayo.

Kwa maelezo zaidi, mwone mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chako au fika kituo cha afya siku yoyote ya kazi. Kwa dharura kituo kiko wazi usiku na mchana.